Tatu bila: hesabu za mashabiki wa Boston, Oktoba 2004

 Leo tunaacha mpira wa miguu kidogo. Tunaenda Marekani, kwenye mchezo ambao wengi wetu tunauvaa kichwani bila kuujua. Zile kofia za mitumba zenye herufi N na Y zilizoshikana si za mwanamuziki yeyote. Ni za timu ya besiboli inayoitwa New York Yankees. Na ile ya bluu yenye B nyekundu ni ya Boston Red Sox. Hizi timu mbili ni mahasimu wa miaka mingi, na mwezi wa kumi mwaka 2004 zilikutana katika mechi ambazo watu wa Boston bado wanazisimulia hadi leo.

Tumechagua historia hii kwa sababu ya neno moja tunalolisikia kila siku hapa: chansi. Chansi ya kuhamishiwa nchi ya tatu, chansi ya skolashipu, chansi ya jina lako kutoka kwenye orodha. Kuna wanaosema "hakuna aliyewahi, acha kujisumbua". Kuna wanaosema "wewe amini tu". Boston ya 2004 ilikuwa imejaa watu wa aina hizo mbili, na walibishana sana. Sisi tunaona kwamba wote waliruka kitu cha katikati.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa kifupi. Timu moja inarusha, nyingine inapiga kwa gongo. Mpigaji akifanikiwa anakimbia kuzunguka vituo vinne, vinaitwa besi, na akirudi salama pale alipoanzia timu yake inapata pointi. Wapigaji watatu wakitolewa, timu zinabadilishana. Kila timu ikishapata zamu yake ya kupiga, hiyo ni duru moja, na mechi ina duru 9. Wakiwa sare wanaongeza duru mpaka mmoja ashinde.

Shikeni mambo mawili hapa, maana ndiyo yanabeba hadithi yote. La kwanza: hakuna saa. Hakuna dakika 90, hakuna refa kupuliza filimbi ukiwa unashambulia. Mpaka mpigaji wako wa mwisho atolewe, bado uko hai. La pili: mkono wa mrushaji unachoka. Mrushaji anayeanza mechi anahitaji siku kadhaa za kupumzika kabla hajaanza nyingine. Kwa hiyo shabiki mjuzi haangalii matokeo peke yake, anahesabu mikono: nani amerusha jana, nani amebaki, nani kesho.

Na msidhani mchezo huu uko mbali nasi kabisa. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilifuzu kwenda mashindano ya dunia ya watoto huko Marekani, ikanyimwa viza kwa sababu ya mashaka juu ya karatasi za umri wao. (Habari za karatasi hatuhitaji kuwaeleza nyinyi.) Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi wakafuzu tena, wakapata viza, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza kule, na wakashinda mechi moja.

Sasa turudi Boston. Hii timu ilikuwa kubwa zamani. Ilichukua ubingwa 1903, 1912, 1915, 1916 na 1918. Halafu mwenye timu akamuuza mchezaji wake bora, Babe Ruth, kwa Yankees. Uuzaji ulitangazwa Januari 1920, na bei ilikuwa dola 100,000. Kabla ya hapo Yankees hawakuwa wamechukua ubingwa hata mmoja. Mpaka kufika 2004 walikuwa nao 26. Na Boston? Sifuri. Miaka 86 bila kitu.

Na si kwamba walikuwa wabovu miaka yote. Afadhali wangekuwa wabovu. Walifika fainali 1946, wakapoteza mechi ya saba. 1967, mechi ya saba. 1975, mechi ya saba. 1986 ndiyo iliyowaua: mechi ya sita walibakiza mrusho mmoja tu kuwa mabingwa, wakashindwa kumaliza, na mwishowe mpira mwepesi ukapita katikati ya miguu ya Bill Buckner. Yule mzee alibebeshwa lawama miaka mingi, wakati mechi ilikuwa imeshakuwa sare kabla ya mpira kumfikia, na tena ilibaki mechi ya saba ambayo timu nzima ilipoteza. Watu wakishaamua nani wa kulaumiwa hawarudi kuangalia.

Basi mashabiki wakasema ni laana. Laana ya Babe Ruth. Baba alimwambia mtoto, mtoto akamwambia mjukuu, na mwaka 1990 ikaandikiwa hadi kitabu. Sisi tunaotoka kwenye vijiji ambako kila msiba unatafutiwa mchawi, tunaielewa hiyo lugha vizuri sana.

Lakini tukiangalia historia, kuna mambo ambayo watu wa laana hawapendi kuyataja. Aprili 1945 Boston ilimwita Jackie Robinson kwenye majaribio pamoja na wachezaji wengine weusi. Haikumchukua. Mwaka 1947 Robinson akaingia ligi kuu akiwa na Brooklyn Dodgers, mtu mweusi wa kwanza katika ligi hizo karne ile, na akawa mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa. Boston ikaendelea kufunga mlango. Ilikuwa timu ya mwisho katika ligi kuu nzima kumchezesha mtu mweusi: Pumpsie Green, mwaka 1959. Miaka 12 baada ya Robinson! Hatusemi hiyo ndiyo sababu ya kila mechi waliyopoteza. Tunasema timu inayokataa wachezaji bora kwa sababu ya rangi haihitaji laana ya mtu aliyeuzwa. Inajiroga yenyewe.

Mwaka 2003 wakakutana na Yankees, mechi ya saba, mshindi anaenda fainali. Boston inaongoza 5-2, duru ya nane. Kocha akamwacha uwanjani mrushaji wake Pedro Martínez, ambaye kila mtu aliona mkono umechoka. Yankees wakasawazisha. Duru ya 11 aliyekuwa akirusha ni Tim Wakefield, na mrusho wake wa kwanza katika duru hiyo Aaron Boone akaupiga mpaka jukwaani. Mechi ikaisha hapo hapo. Kocha akapoteza kazi. Lishikeni jina la Wakefield, tutamhitaji.

Mwaka uliofuata wakarudi walewale. Ni mfululizo wa mechi saba, anayefikisha ushindi mara nne anapita. Mechi ya kwanza New York 10-7. Ya pili New York 3-1. Ya tatu, tarehe 16 Oktoba, nyumbani kwa Boston, Fenway Park: New York 19, Boston 8. Kumi na tisa. Tatu bila.

Hapo ndipo hesabu za mashabiki zilipoanza, na hapa tunaomba mtuvumilie kidogo, hata wale waliokimbia hisabati.

Ukiwa tatu bila, unatakiwa kushinda mechi nne mfululizo. Kwenye mpira wa miguu tumeona Liverpool wakigeuza 3-0 ya Barcelona mwaka 2019, lakini ule ulikuwa usiku mmoja. Huku ni mechi nne, na ukiteleza mara moja tu umekwisha. Kabla ya 2004, katika historia yote ya besiboli ya Marekani, timu 25 zilikuwa zimefika tatu bila katika mfululizo kama huo. Zilizogeuza: sifuri. Hata kulazimisha mechi ya saba: sifuri.

Kwa shabiki wa laana hiyo ilitosha. Ishirini na tano kwa sifuri, zima televisheni, nenda kulala.

Lakini chukua shilingi, irushe. Kama timu mbili ziko sawa, kila mechi ni kama kurusha shilingi. Kupata kichwa mara nne mfululizo ni chansi moja katika 16. Ndogo, ndiyo, lakini si sifuri. Kati ya timu 25 ungetegemea moja, labda mbili, zipite. Sasa mbona hakuna hata moja? Sababu ya kwanza ni rahisi: timu iliyofungwa mara tatu mfululizo mara nyingi ni dhaifu kweli, kwa hiyo chansi yake ni chini ya moja katika 16. Sababu ya pili wengi hawaioni. Tumekaa na simu tukapiga hesabu wenyewe: hata kama timu zote 25 zingekuwa sawasawa na wapinzani wao, bado kuna chansi karibu moja katika tano kwamba zote zingeshindwa, kwa bahati tupu. Yaani ile "haijawahi kutokea" iliyowatisha watu haikuwa sheria. Ilikuwa orodha fupi ya watu wengine, katika miaka mingine, na mikono mingine.

Kwa hiyo swali la maana halikuwa "nani amewahi". Lilikuwa: je, hii Boston ni dhaifu kuliko hii New York? Na jibu lilikuwa kwenye karatasi, mtu yeyote angeweza kulisoma. Msimu ule Yankees walishinda mechi 101, Boston 98. Zilipokutana zenyewe kwa zenyewe kabla ya mchujo, mara 19, Boston ilishinda 11 na kupoteza 8. Hiyo si timu dhaifu. Ni timu sawa iliyokuwa na siku tatu mbaya. Na kwenye mchezo jirani wa hoki ya barafu mambo haya yalishatokea mara mbili: Toronto mwaka 1942, na Islanders wa New York mwaka 1975.

Mchezaji mmoja wa Boston, Kevin Millar, alilisema hili kabla ya mechi ya nne. Alizunguka uwanjani akiwaambia waandishi na wenzake kwamba Yankees wajihadhari wasiwaachie ushindi usiku ule, maana kesho anarusha Pedro, kesho kutwa Schilling, na mechi ya saba lolote linaweza kutokea. Wengine walicheka. Lakini angalieni, yule hakuwa akihubiri imani. Alikuwa anahesabu mikono iliyobaki. Sisi tunaona hiyo ndiyo hesabu bora iliyopigwa Boston wiki ile.

Na hiyo mikono ilibaki kwa sababu ya mtu. Usiku wa ile 19-8, mechi ikiwa imeshaharibika, kocha mpya Terry Francona alihitaji mtu wa kumalizia aibu ile bila kuchosha warushaji wengine. Wakefield, yuleyule wa 2003, alikuwa amepangwa kuanza mechi ya nne, nafasi kubwa, mbele ya watu wake. Akajitolea. Akaingia kwenye mechi iliyokufa, akarusha zaidi ya duru tatu, akaiacha nafasi yake ya kesho. Kwenye matokeo ya usiku ule huwezi kuona maana ya alichofanya. Kwa mechi nne zilizofuata huwezi kueleza chochote bila hicho.

Mechi ya nne, tarehe 17. Duru ya tisa, New York inaongoza 4-3, na aliyesimama kurusha ni Mariano Rivera wa Panama, mmaliziaji bora kuliko wote katika historia ya mchezo huu. Boston wamebakiza wapigaji watatu tu. Millar, yule wa maneno mengi, akavumilia asipige mirusho mibaya, akapewa besi ya kwanza bure. Akatolewa, akaingia Dave Roberts kukimbia badala yake.

Huyu Roberts alikuwa amekaa benchi. Alinunuliwa tarehe 31 Julai na meneja wa timu, Theo Epstein, kijana wa miaka 30, siku ileile alipomuuza Nomar Garciaparra, kipenzi cha mji mzima. Watu walimlaani Epstein kwa ajili ya Garciaparra. Roberts nani alimwangalia? Kazi yake ilikuwa moja: mbio.

Uwanja mzima ulijua anataka kuiba besi ya pili, yaani kukimbia wakati mpira unarushwa kwa mpigaji. Rivera alijua pia. Akamrushia mpira kwenye besi ya kwanza ili amkamate. Mara ya kwanza, Roberts akarudi. Mara ya pili, akarudi. Mara ya tatu, akarudi. Halafu Rivera akarusha kwa mpigaji, na Roberts akaondoka. Mpira na mkono wake vilifika karibu pamoja. Salama! Kidogo sana, lakini salama. Bill Mueller akapiga mpira uliopita katikati, Roberts akarudi nyumbani, 4-4. Duru ya 12 David Ortiz akaupiga mpira ukavuka uwanja, 6-4. Boston ilikuwa imepita saa 7 usiku. Huku kwetu jua lilikuwa limeshatoka, saa 2 asubuhi.

Huyo Ortiz anatoka Jamhuri ya Dominika, na mwisho wa 2002 timu ya Minnesota ilimwachia aende zake kama mtu asiyehitajika. Pedro na Manny Ramírez wanatoka hukohuko Dominika. Roberts alizaliwa Okinawa, mama Mjapani, baba mwanajeshi mweusi wa Marekani. Klabu iliyokuwa ya mwisho kufungua mlango iliokolewa na watu wa aina iliyokuwa ikiwafungia. Hilo la laana ya Babe Ruth, sisi basi tena.

Mechi ya tano ilichezwa siku hiyohiyo kulipokucha, ikachukua saa 5 na dakika 49. Boston iko nyuma 4-2 duru ya nane, Ortiz akapiga moja nje, Roberts akaingia tena kukimbia, wakasawazisha, mbele ya Rivera tena. Duru zikaongezeka. Warushaji wakaisha. Nani amebaki? Wakefield. Anarusha mpira wa ajabu usiozunguka, unaoyumba hewani kama jani, hata mdakaji wake aliushindwa mara kadhaa na roho za mashabiki zikawa mkononi. Duru tatu, hakuruhusu pointi hata moja. Duru ya 14 Ortiz akamaliza, 5-4.

Mechi ya sita, New York. Curt Schilling alikuwa ameumia kifundo cha mguu, na mechi ya kwanza walimpiga vibaya kwa sababu hiyo. Daktari akamshona ngozi ili ishike mshipa usihame. Akarusha duru saba akaruhusu pointi moja, soksi ikiloa damu mbele ya kamera. 4-2. Mechi ya saba, tarehe 20, tunapita haraka kwa sababu haikuwa na wasiwasi wowote: Johnny Damon akapiga mbili nje ya uwanja, moja ikiwa besi zote zimejaa, na Derek Lowe, ambaye ndiye aliyeichukua ile nafasi ya Wakefield katika mechi ya nne, akarusha duru sita baada ya mapumziko ya siku mbili tu akaruhusu pigo moja. 10-3. Fainali waliifunga St. Louis nne bila, tarehe 27 Oktoba, usiku wa kupatwa kwa mwezi.

Baada ya ushindi, mashabiki wengi wa Boston walikwenda makaburini. Waliweka kofia, bendera na magazeti juu ya makaburi ya baba zao na bibi zao waliosubiri maisha yote wasione. Hao waliamini kuliko mtu yeyote, na imani yao haikuwapa hata msimu mmoja. Tunaposikia "amini tu" tunawakumbuka hao. Kilichobadilika 2004 hakikuwa kiasi cha imani. Kilikuwa mkono uliotunzwa usiku wa aibu, mkimbiaji aliyenunuliwa miezi mitatu kabla hakuna anayemtazama, na watu ambao zamani wasingeruhusiwa kuingia.

Wengine mtauliza, je, baada ya hapo chansi imeongezeka? Mpaka tunapoandika, hakuna timu nyingine ya besiboli iliyorudia. Houston walikaribia 2020, wakatoka tatu bila mpaka tatu kwa tatu, wakapoteza ya saba. Na mwaka 2023 timu ya basketi ya Boston, Celtics, ilifungwa tatu bila na Miami. Mji mzima ukakumbuka 2004. Wakashinda ya nne, wakashinda ya tano, wakashinda ya sita kwa pointi moja, mpira ukiingia muda ukiwa umebaki sehemu ya kumi ya sekunde. Katika basketi ya NBA hakuna aliyewahi kugeuza, na mechi ya saba ilikuwa nyumbani kwao. Miami ilishinda 103 kwa 84.